Divai Iliyoacha Kupumua

Tulipokuwa tunatoa vitu vya mama nyumbani kwake, binti yangu alivuta mkebe wa mafuta ya kupikia kutoka chini kabisa ya kitanda, akataka kuutupa pamoja na magazeti ya zamani. Nikamwambia aulete kwanza. Ndani mlikuwa na mpira mwembamba, urefu wa mkono wangu mmoja, umeviringwa vizuri na kufungwa na uzi. Rangi ya zambarau ilikuwa imeuingia, hauwezi tena kuwa mweupe. Niliuweka puani. Miaka yote hiyo, na bado ulikuwa na ile harufu kali inayochoma macho kabla haijafika puani.

Binti yangu akauliza kama ni kitu cha hospitali. Nilimwambia ni cha babu yake, halafu nikashindwa kuendelea. Mimi si mtu wa maneno. Shuleni walimu walikuwa wananipita, kwa sababu nikisimama kujibu, jibu linarudi tumboni. Hata kuandika naandika polepole, lakini karatasi angalau hainitazami.

Tulikaa Mamboleo, kwenye ploti ya vyumba sita vilivyopangana, karibu na njia panda. Baba alifanya kazi kiwanda cha sukari, Muhoroni, na alikuja nyumbani Jumamosi. Nilimjua kwa harufu kabla sijamwona, harufu ya molasi iliyokaa kwenye koti lake hata likifuliwa. Mkononi alikuwa na sukari guru imefungwa na gazeti, na mimi nilikuwa nalamba gazeti.

Huko kiwandani ndiko alikojifunza mambo ya kuchachusha. Alikuwa akisema sukari na hamira ni kama watoto wawili wanaojuana: ukiwaweka chumba kimoja, hawawezi kukaa kimya. Kanisa letu lilikuwa dogo, la mabati, na divai ya kununua ilikuwa inatushinda. Mchungaji akamwomba baba awe anatengeneza divai ya Meza ya Bwana, iliyofanyika mara nne kwa mwaka, na baba akakubali kama mtu aliyepewa cheo. Mama alikuwa anamshikia taa, mimi nilikuwa namshikia kijiko.

Tulitumia zambarau. Tulikuwa tunakwenda kuziokota Milimani, ambako miti mikubwa imesimama kando ya barabara na ndani ya viwanja vya watu wenye magari. Walinzi walituacha, kwa sababu zambarau zikianguka zinachafua kila kitu na wao ndio wa kufagia. Tulirudi na ndoo mbili, ndimi zetu zikiwa za rangi ya wino. Nyumbani tuliziponda kwa mikono, tukatoa kokwa, baba akamimina maji yaliyochemka na kupoa, sukari guru iliyopondwa, na hamira iliyoamshwa kwenye kikombe cha maji ya vuguvugu. Baada ya siku chache alichuja kwa leso ya mama, akajaza mtungi wa plastiki. Kwenye mfuniko alitoboa tundu, akapitisha ule mpira mwembamba, akaziba pembeni kwa nta ya mshumaa, na mwisho wa mpira akauzamisha ndani ya chupa ya soda yenye maji.

Halafu tulikaa kusubiri. Kwanza hakuna kitu. Kesho yake, kwenye ile chupa, kiputo kimoja kikapanda. Bwup. Baadaye kingine. Bwup. Mpaka ikawa ni sauti ya nyumba yetu, kama saa ya ukutani.

“Sikia,” baba aliniambia, ameinama sikio lake karibu na mtungi. “Inapumua. Ikiwa inapumua, iko hai.”

Nilikuwa darasa la tatu, na nilichukua maneno yake kama yalivyo. Mtungi ulikuwa unakaa nyuma ya pazia, upande wangu wa kulala, na mimi ambaye sikuongea na mtu nilikuwa naongea nao. Watoto wa ploti walikuwa wakiniita Bubu. Walikuwa pia wakituimbia kwamba kwetu tunapika chang'aa ya Yesu. Niliyaleta yote kwa mtungi, na mtungi ukajibu, bwup, bila kunicheka.

Jirani yetu wa chumba cha mwisho alikuwa Mama Zuhura, Mwislamu, babu yake mtu wa pwani na mama yake mtu wa hapa hapa ziwani. Alikuwa anauza sambusa na achari ya maembe. Alipendana na mama sana, lakini divai ikiwa ndani hakuvuka kizingiti. Alisimama nje, ameshika mlango, akisema, “Leo nitawasalimia kutoka hapa, Mama Akinyi. Yule mgeni wenu bado yupo.” Mama alicheka, akamletea kiti nje.

Mwaka ule baba alirudi kutoka Muhoroni siku ya Jumanne. Alikuwa akikohoa kwa miezi, na sasa alikuwa hawezi kumaliza sentensi. Walimlaza hospitalini. Watoto hawakuruhusiwa kuingia wodini, kwa hiyo dada yake baba, ambaye nilimwita Waya, alinipeleka nyuma ya jengo na kuninyanyua mpaka dirishani.

Nilimwona baba amelala chali. Puani alikuwa na mpira mwembamba. Mpira ulikwenda mpaka kwenye chupa iliyowekwa ukutani, na ndani ya chupa mlikuwa na maji, na majini viputo vilikuwa vinapanda.

Siogopi kuandika kwamba nilifurahi. Nilijua kazi ile. Niliona wamemtengeneza vizuri, kama yeye alivyotengeneza mtungi, na kwamba anapumua, kwa hiyo yuko hai. Dirisha tu ndilo lililonisumbua, kwa sababu lilikuwa limefungwa kwa ajili ya baridi ya mvua. Niliporudi tena siku ya tatu, kitanda kilikuwa kimetandikwa na ile chupa ya ukutani ilikuwa na maji yaliyotulia kabisa. Waya aliniteremsha chini. Nilimsikia akimwambia mtu mwingine, kwa Kiluo, kwamba ndugu yake alikosa hewa.

Tulimzika nyumbani kwao. Baada ya siku za matanga wazee walikaa na mama wakamwambia kwamba baba mdogo, yule anayemfuata baba, ndiye atakayemrithi kama mke. Mama akakataa. Mchungaji alikuwa amehubiri dhidi ya jambo hilo mara nyingi, na akina mama wa kanisa walikuwa wamempigia makofi mjane mwingine aliyekataa. Tukarudi Mamboleo, mama akaanza kuuza omena, dagaa wa ziwani.

Lakini kupiga makofi ni kitu kimoja. Watu wetu wana neno, chola. Ni ule uzito wanaoamini unamkaa mjane mpaka arithiwe, na kabla ya hapo nyumba anayoingia na kitu anachokishika vinaweza kuharibika. Hakuna aliyemtamkia mama neno hilo. Ila sokoni mwanamke alimwomba asimbebe mtoto wake mchanga, na kwenye ploti hakuna aliyekuja tena kuazima chumvi kwetu isipokuwa Mama Zuhura.

Zambarau zilipoiva, swali likawa nani atatengeneza divai. Mwenyekiti wa akina mama kanisani alikuwa Mama Eunita, mwanamke mrefu, mwenye sauti ya kuita watu shambani. Alikuja mwenyewe. Akasema mama ndiye aliyekuwa akimshikia marehemu taa, kwa hiyo mkono wa marehemu umo ndani ya mkono wake. Mama alipomsindikiza mpaka barabarani, alirudi anatembea kama mtu aliyetuliwa gunia. Hata mimi nilielewa. Divai ile ikitoka nzuri, kanisa zima litakuwa limekunywa kutoka mkononi mwake, na baada ya hapo nani atathubutu kumkatalia mtoto wa kubeba?

Tulikwenda Milimani wawili tu. Tukafanya kila kitu kama baba. Mama alipima sukari guru kwa kikombe kile kile, akaamsha hamira, akaziba nta. Na asubuhi moja, nyuma ya pazia, bwup. Mama aliacha kupepeta omena, akaja akasimama, akasikiliza na mkono mdomoni.

Wiki tatu nilikuwa na furaha. Halafu viputo vikaanza kuchelewa. Nilihesabu mpaka ishirini kabla ya kimoja kupanda, baadaye mpaka mia. Siku moja nilirudi kutoka shuleni nikakuta maji ya chupa yametulia kabisa.

Nilijua ninachokitazama. Nilikuwa nimeshakiona dirishani.

Mama alikuwa amesema tu kwamba marehemu alikuwa anaiacha ikae, isiguswe mpaka siku yake. Lakini mama alikuwa sokoni, na mtungi ulikuwa umefungwa kwa nta pande zote, hauna hata tundu moja lililo wazi la kupitisha pumzi. Mtu mmoja alikuwa ameshakufa kwa kukosa hewa na mimi nikiwa natazama tu, nimeshikwa kiunoni, sikusema lile dirisha lifunguliwe. Nilibandua nta kwa kucha. Nikafungua mfuniko. Harufu nzuri, tamu, ilitoka, nikadhani ndiyo pumzi yake ya kwanza. Nikainama nikapuliza ndani. Nikamwambia, pumua.

Kila siku baada ya shule nilifungua, nikafunika na kitambaa ili vumbi lisiingie, na kabla mama hajarudi nikarudisha mfuniko na kuibonyeza ile nta kwa kidole. Viputo havikurudi. Nikaanza kuacha wazi muda mrefu zaidi, nikilegeza mfuniko hata mama akiwa amelala kando yangu. Vidudu vidogo, wale wanaopenda ndizi mbivu, wakaja wakacheza juu ya kitambaa. Baadaye juu ya divai ukaota utando mweupe, laini kama ngozi ya uji uliopoa. Niliugusa kwa kidole, ukatikisika. Niliona ni ngozi mpya na nikapata tumaini. Harufu ilibadilika, lakini nyumba yetu ilikuwa ya omena, na pua zetu zilikuwa zimeshachoka.

Jumamosi kabla ya Meza ya Bwana, Mama Eunita alikuja na akina mama wawili na sanduku la vikombe vidogo vya kanisa. Mama alitandika kitambaa cheupe. Alichota kwa kijiko, akampa Mama Eunita kwa mikono miwili.

Nakumbuka uso wake. Haukukasirika. Ulifungwa, kama duka. Alimpa kijiko wa pili, na wa pili akatemea nje. Mama akaonja mwenyewe, akasimama na kijiko mdomoni muda mrefu.

“Nilifanya kila kitu kama yeye,” alisema.

“Hatukatai,” Mama Eunita akasema. “Lakini mkono wake haukuwa na kitu juu yake.”

Kesho yake kanisani walitumia sharubati ya dukani iliyotiwa maji, kwenye kikombe kimoja cha kupokezana. Mama alikaa kiti cha mwisho, na watu walipoitwa mezani alinishika mkono wala hakuinuka. Baada ya ibada aliambiwa uamuzi, kwa upole, na mtu aliyekuwa akitazama viatu vyake. Akina mama wameona afadhali akamalize mambo ya nyumbani kwanza, halafu arudi mezani. Jumatano watakuja kuchukua mtungi na lile sanduku la vikombe lililobaki kwetu, wampe mwingine.

Mambo ya nyumbani maana yake ilikuwa baba mdogo. Alikuwa ameshatuma ujumbe mara mbili kwamba nyumba iko tayari. Jumatatu mama alianza kukunja nguo zake na kuzipanga kwenye sanduku la bati, moja baada ya nyingine, bila kuniangalia. Mimi nilidhani kosa langu ni kwamba sikufungua mapema vya kutosha.

Jumatano mchana Mama Eunita alikuja, peke yake. Aliketi, akanywa chai nusu kikombe kwa adabu. Mama akautoa mtungi nyuma ya pazia na kuuweka katikati ya chumba, karibu na mlango. Mfuniko ulikuwa umelegea. Ndipo Mama Zuhura, aliyekuwa anapita nje na beseni la maembe mabichi, akasimama. Akanusa. Akaweka beseni chini, na kwa mara ya kwanza mgeni yule akiwa ndani, alivuka kizingiti.

Alichovya ncha ya kidole, akaweka kwenye ulimi, akafumba macho.

“Mama Akinyi,” alisema, “hii siki umeitoa wapi? Mimi nauziwa ya chupa dukani, kali bila ladha, na wewe umekalia siki kama hii?”

Mama akamwambia hiyo si siki, ni divai iliyoharibika. Sauti yake ilikuwa ndogo.

“Haijaharibika. Imegeuka.” Mama Zuhura aliinua mfuniko, akaonyesha ule utando. “Huu ndio unaoleta siki. Lakini huu unataka hewa, hauoti kwenye kitu kilichozibwa. Mliacha wazi?”

“Hapana,” mama akasema. “Sijafungua tangu iliponyamaza.”

Mama Eunita aliweka kikombe cha chai chini. “Unaona basi,” alisema, taratibu, kama mtu anayeumwa na anachokisema. “Ilikuwa imezibwa, na bado imegeuka.”

Mama Zuhura alitazama mmoja, akatazama mwingine, akaelewa kuwa ameingia kwenye shauri ambalo si lake. Lakini alikuwa na swali lake mwenyewe, la dini yake, na ilibidi aulize kabla ya kuomba hata chupa moja.

“Ni hivi,” alisema. “Ikigeuka yenyewe, mimi naweza kuitumia. Mtu akitia kitu ndani ili igeuke, siwezi. Kuna mtu alitia kitu?”

Alimuuliza mama. Lakini ni mimi peke yangu niliyekuwa na jibu, na jibu lilikuwa limeshaanza safari yake ya kurudi tumboni. Nilitazama sanduku la bati la mama, lile ambalo mfuniko wake ulikuwa haufungiki tena kwa wingi wa nguo.

“Hakuna kitu kilitiwa,” nilisema. “Mimi nilifungua tu.”

Wote watatu waligeuka. Nafikiri Mama Eunita alikuwa hajawahi kusikia sauti yangu.

“Ulifungua lini, nyathina?” mama akauliza. Nyathina ni mtoto wangu, kwa Kiluo, na mama alikuwa hajaniita hivyo tangu matanga.

“Kila siku.”

“Kwa nini?”

“Iliacha kupumua.” Nikaona hawajaelewa, na ilibidi nimalize. “Ilinyamaza kwenye chupa. Kama ya baba hospitalini. Na dirisha lilikuwa limefungwa.”

Mama alikaa chini, palepale sakafuni, miguu imenyooka mbele yake kama mtoto. Alinivuta nikaanguka juu yake. Alilia kwa sauti, mbele ya wageni, mama ambaye hata kaburini alikuwa amelia kwa kujizuia kwa sababu wazee walikuwa wanamtazama. Mama Zuhura alifunga mlango ili watoto wa ploti wasichungulie.

Mama Eunita alikaa pale pale na sanduku la vikombe magotini. Halafu akaliinua, akalirudisha kwenye meza ya mama, akaanza kuyanyoosha makunyanzi ya kile kitambaa cheupe ambacho hakikuwa na makunyanzi. Hakuomba msamaha. Watu wa rika lake hawakuwa na desturi hiyo.

“Msimu wa zambarau umepita,” alisema hatimaye. “Lakini mananasi yako sokoni. Haitakuwa nyekundu.”

“Haitakuwa,” mama akasema kutoka chini.

“Mungu atajua.” Akasimama, akafunga leso yake vizuri. Mlangoni alinishika kidevu. “Na wewe, hiyo ya mananasi usiifungulie dirisha.”

Mama Zuhura alichukua siki ile chupa kwa chupa, na baada ya wiki mbili akatuletea achari ya maembe ambayo mpaka leo sijaonja nyingine kama hiyo. Watoto wa ploti hawakuacha kuniita Bubu. Mama alizitoa nguo kwenye sanduku akazirudisha kwenye kamba ya ukutani. Ujumbe wa baba mdogo ulikuja mara ya tatu, na baada ya hapo haukuja tena.

Ile ya mananasi ilipumua wiki nne. Siku iliponyamaza, mama alinisubiri nitoke shule. Alikuwa ameacha kwenda sokoni siku hiyo. Alinikalisha mbele ya mtungi, akachukua mkono wangu akauweka juu yake, na mtungi ulikuwa umepoa.

“Imekula sukari yote,” aliniambia. “Haina kazi nyingine. Hii si kufa, Akinyi. Imemaliza.”

Nilimuuliza kama baba pia alimaliza.

Alichomoa ule mpira, akaufuta kwa pindo la leso, akaanza kuuviringa polepole kuzunguka vidole vyake.

“Baba pia,” akasema. Halafu akanipa mfuniko mzima, usio na tundu. “Funga wewe. Kaza.”

Nikakaza kwa nguvu zangu zote.

Mwezi uliopita mama alilazwa kwenye wodi yenye madirisha makubwa, na siku hizi hakuna anayezuia mtu kuingia. Nilikaa kando yake siku tano. Chupa ilikuwa ukutani juu ya kichwa chake, na mpira, na viputo, na mimi nikavisikiliza kama nilivyokuwa nikisikiliza nyuma ya pazia. Siku ya tano, mchana, muuguzi alikuja, akamshika mama mkono, akamtazama machoni, halafu akafunga koki ya hewa iliyokuwa juu ya chupa na maji yakatulia. Alikuwa msichana mdogo, mwenye huruma. Aliniuliza kama nataka afungue dirisha, kwa sababu kulikuwa na joto.

Nilimwambia hapana, aliache tu. Nikamwambia amemaliza.